Leadville, Colorado: panga usiku wa kwanza kabla ya hoteli

Mtu akishaamua kwenda Leadville, kitu cha kwanza anachotafuta ni hoteli. Mimi humwambia kila anayeniuliza aanze kwingine: usiku wa kwanza atalala mita ngapi juu ya usawa wa bahari? Jibu lake ndilo litakaloamua kama siku mbili za mwanzo atazitumia kutembea mitaani au kujikunja kitandani huku kichwa kikimgonga.

Leadville iko kwenye mwinuko wa mita 3,100 hivi, katika Milima ya Rocky. Anayeijua Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ataelewa haraka: ni juu ya kibanda cha Mandara na chini ya Horombo. Tofauti ni kwamba mpandaji wa Kilimanjaro hufika Mandara kwa miguu, polepole, na kulala huko kabla ya kuendelea. Mgeni wa Leadville hupanda gari Denver, kwenye mita 1,600, na baada ya kilomita 160 na saa mbili na ushei ameshafika. Mwili haujapata muda wa kuzoea, na kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 30 kuliko anayoivuta Mombasa.

Ushauri wa madaktari wa safari ni kwamba anayetoka nchi tambarare asilale juu ya mita 2,750 siku ya kwanza. Kwa hiyo Denver isiwe mahali pa kupita tu. Alale huko usiku mmoja, na akiweza, miwili. Mji jirani wa Aurora una familia nyingi kutoka Kongo, kwa hiyo hata anayetaka kupumzika akizungumza Kiswahili atapata wa kuzungumza naye. Baada ya kufika juu, siku ya kwanza ni ya matembezi mafupi, maji ya kutosha, na hakuna pombe wala dawa za usingizi. Kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu ni dalili za kawaida za ugonjwa wa mwinuko. Mtu asipande zaidi mpaka zitulie. Akianza kuhema hali amekaa, akakohoa, au akayumba na kuchanganyikiwa, ateremshwe mara moja na apelekwe hospitali. Ujana na mazoezi havimkingi mtu. Wakimbiaji hodari huugua kama wengine.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vingi vya wageni hulipita, na kwetu ni kubwa. Mtu anayebeba urithi wa selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, hata kama hajawahi kuugua, anaweza kupata madhara ya bandama akipanda milima mirefu. Katika ukanda wetu wapo wengi wanaoubeba bila kujua. Kipimo chake ni cha damu tu, na kifanyike kabla ya kulipia tiketi. Aliye na ugonjwa wenyewe wa selimundu asiende kabla daktari wake hajamruhusu. Na yeyote anayepata maumivu makali chini ya mbavu za kushoto akiwa huko juu asiyachukulie kuwa gesi ya tumbo.

Baada ya afya, majira. Misimu minne ipo, lakini haigawani mwaka sawasawa. Baridi huanza Novemba na kung'ang'ania hadi Aprili, na usiku wa Januari kipimajoto hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Machipuko, yaani Aprili na Mei, ni ya matope: theluji inayeyuka, njia za milimani hazipitiki, na baadhi ya mikahawa hufungwa wenyeji wapumzike. Mimi simshauri mgeni kwenda wakati huo, hata vyumba vikiwa bei poa. Joto ni fupi, na hata Julai mchana wa fulana hufuatwa na usiku wa koti. Halafu huja wiki chache za mwishoni mwa Septemba, majani ya miti ya aspeni yanapogeuka dhahabu, mlima mzima kwa mkupuo. Kama mtu ana nafasi moja tu maishani, achague hizo.

Barabara nayo ina kalenda yake. Kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, kwenye sehemu ya milimani ya barabara kuu ya I-70, sheria ya Colorado inataka gari liwe na matairi yanayofaa theluji au libebe minyororo ya magurudumu. Anayekodi gari aulize kabla ya kupokea funguo, ainame na kutazama kashata za tairi kwa macho yake. Njia ya Independence Pass, inayokatiza kwenda Aspen kwenye mita 3,687, hufungwa kabisa tangu Novemba hivi hadi mwishoni mwa Mei, na ramani ya simu isimdanganye mtu kwa ufupi wa mstari.

Kwenye sanduku: nguo za kuvaa moja juu ya nyingine, miwani ya jua, mafuta ya kukinga ngozi, maana jua la huko ni kali na huchoma hata ngozi nyeusi. Anayekodi nyumba na kutaka kujipikia aulize kama kuna presha kuka. Maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi, kwa hiyo sufuria ya maharage inaweza kutokota mchana kutwa na bado punje ikagoma chini ya kidole. Ugali hauna tatizo.

Siku ya tatu au ya nne ndiyo ya kutazama Mount Elbert, mita 4,401, mlima mrefu kuliko yote ya Rocky. Njia ya kawaida haihitaji kamba, lakini ina mpando wa mita 1,400 hivi. Msimu wa joto radi hupiga alasiri, kwa hiyo watu huondoka kabla ya mapambazuko na saa sita mchana wawe wanashuka. Asiyetaka kilele ana Mineral Belt, njia ya lami ya karibu kilomita 19 inayozunguka mji na kupita kwenye machimbo ya zamani ya fedha, madini yaliyoujenga mji huu miaka ya 1870.

Vyumba vya Agosti viwekwe mapema sana, kwa sababu ndio mwezi wa Leadville Trail 100, mbio za maili 100 zilizoanzishwa mwaka 1983 baada ya mgodi wa Climax kusimama na mji kubaki bila ajira. Mbio huanza saa kumi alfajiri, na mkimbiaji ana saa 30 za kumaliza. Mtazamaji akae kijiji cha Twin Lakes: wakimbiaji hupita hapo wakienda kwenye njia ya mlimani ya Hope Pass, na hupita tena wakirudi.