Maisetoma: Uvimbe Usiouma

Mkazi wa Mandewa, mjini Singida, achomwapo na mwiba wa mgunga huung'oa na kuendelea na kazi. Kwa kawaida kidonda hupona. Lakini kuvu iishiyo udongoni, iitwayo *Madurella mycetomatis*, huweza kupenya katika tundu hilo dogo na kusababisha maisetoma. Ugonjwa huu wa nadra huonekana zaidi katika nchi kame zilizo kati ya latitudo 15 Kusini na 30 Kaskazini. Singida iko karibu na latitudo 5 Kusini.

Dalili zake kuu ni tatu: uvimbe mgumu usiouma, matundu yatoayo usaha, na chembechembe ndani ya usaha huo. Kwa kuwa hasikii maumivu, mgonjwa huchelewa kutafuta tiba, na ugonjwa hufika mfupani.

Rangi ya chembechembe humwongoza daktari. Nyeusi ni dalili ya kuvu, nyekundu ni ya bakteria; nyeupe huweza kuwa za kuvu au za bakteria. Kwa hiyo kipande cha uvimbe hupimwa kwa darubini. Viuavijasumu hutibu maisetoma ya bakteria, lakini haviui kuvu, kwani seli zake ni za namna nyingine. Kuvu huhitaji dawa kama itrakonazoli, mara nyingi kwa mwaka mmoja au zaidi, pamoja na upasuaji. Uvimbe mdogo huweza kuondolewa wote. Uliopuuzwa huweza kumpotezea mgonjwa mguu.

Kuvaa viatu hupunguza hatari.

Swali: Kwa nini kutoumwa ni hatari katika ugonjwa huu?