Gugu Maji, Mwani na Viumbe wa Chini Yake

Ndugu msomaji, mimi si mwanasayansi. Ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu na mwanachama wa Chama chetu cha Kiswahili. Mwalimu wa Biolojia aliposikia ninaandika makala haya alicheka, akasema ati mambo ya ziwa hayana Kiswahili. Nikamjibu kwa heshima kwamba konokono wa nyumbani kwetu nao hawajui Kiingereza.

Kisa chenyewe kilianzia nyumbani, ufuoni mwa Ghuba ya Winam, si mbali na mji wa Homa Bay. Mdogo wangu alianza kuumwa na tumbo, kisha akawa anaenda choo chenye damu. Hospitalini walimpima wakasema ni kichocho cha tumbo. Mama akamuuliza huwa anaoga wapi. Mimi nilinyamaza jii, kwa maana ndimi niliyemwonyesha mahali hapo: kwenye gugu maji, ambapo mtu hujificha vizuri asionekane na wanaochota maji.

Gugu maji asili yake ni Amerika Kusini. Lilifika upande wetu wa ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika takriban hekta 17,000 za ghuba. Likapungua, likarudi, na hadi leo huja na kwenda na upepo. Habari za mashua kukwama na nyavu kupotea zimeandikwa sana. Lisilosemwa sana ni yanayowapata wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo waishio chini ya majani yale.

Likizo ya Agosti nilimwomba baba mdogo, ambaye ni mvuvi, anipeleke kwa mashua. Tuling'oa magugu ya ukingoni, yanayopakana na maji wazi, tukaisuuza mizizi ndani ya beseni jeupe. Lo! Beseni lilichemka viumbe. Kulikuwa na konokono, uduvi ambao sisi huwaita ochonga, ruba, na watoto wa kereng'ende ambao huishi majini kabla ya kuota mabawa. Mizizi ya gugu ni kama ndevu. Viumbe hujishikilia humo, hula mwani unaoota juu yake, na samaki hawawaoni kwa urahisi.

Kisha tukajisukuma hadi katikati, mahali magugu yameshikana kama zulia. Ndugu zangu, maji ya huko ni meusi na yananuka yai viza! Tulisuuza mizizi vilevile, lakini beseni likabaki karibu tupu. Waliokuwemo ni konokono wachache na minyoo myekundu. Baadaye nilikuja kujua kwamba watafiti wa Uganda, katika matokeo waliyochapisha mwaka 2001, waliona jambo kama hilo: ukingoni viumbe tele, ndani ya zulia wanapungua.

Sababu kubwa ni oksijeni. Zulia huzuia mwanga na upepo, na majani yanayooza huila hewa iliyomo majini. Mwani nao una hila yake. Mchana hutoa oksijeni, usiku huitumia, na ukifa kwa wingi ukazama, bakteria wanaouozesha humaliza iliyobaki. Kome wanaokaa topeni hupumua kwa mashavu na hawana mbio, basi hufia papo hapo. Konokono wa kichocho je? Huyu ana pafu! Hupanda juu akavuta hewa kama mimi na wewe, na aina inayobeba kichocho cha tumbo ina damu nyekundu inayoshika oksijeni hata ikiwa haba. Mlo tele, mahali pa kujificha tele, na wengi wa majirani wamekufa. Zamani samaki aina ya fulu waliwala konokono kwa wingi, lakini fulu wenyewe walipungua sana baada ya mbuta kuletwa ziwani.

Shangazi yetu ameolewa Sori, Kaunti ya Migori, kwenye Ghuba ya Karungu inayotazama ziwa kuu. Huko mawimbi hulichanachana gugu, kwa hivyo zulia halikai sana. Lakini hawajasalimika. Mto Kuja hutoka nyanda za juu za Kisii, hupita Migori hadi Nyatike, na wakati wa mvua humwaga ziwani maji mekundu ya udongo wa mashamba. Mbolea iliyomo humo ndiyo chakula cha gugu, na ndiyo chakula cha mwani.

Katika miaka hiyo ya 1990 waliletwa fukusi wanaokula gugu, nao walisaidia sana. Hata hivyo gugu likifa majini huzama na kuoza, oksijeni ikapungua tena. Ndiyo maana naona ni heri lililong'olewa livutwe hadi nchi kavu.

Konokono peke yake hana kosa. Lazima mtu mgonjwa ajisaidie karibu na maji, mayai yaanguliwe, vijidudu vimwingie konokono. Baada ya kama mwezi mmoja hutoka vingine kwa maelfu, hasa jua likiwa kali, na hupenya ngozi kwa dakika chache. Saa ile ile ambayo sisi hupenda kuoga!

Siku hizi maji ya kuoga tunayafunika katika pipa siku mbili, kwa kuwa vijidudu hivyo visipopata mtu hufa. Ya kunywa tunachemsha. Ila ziwa likifanya utando wa kijani, baba humtuma punda kisimani, maana baadhi ya mwani huo una sumu ya maini ambayo kuchemsha hakuiondoi.

Mdogo wangu alimeza dawa akapona. Mama bado hajui ni nani aliyemwonyesha pale mahali. Akilisoma jarida hili, atajua.