Wawili Kwenye Kompyuta Moja

Anayepita Mtumba, au mtaa wowote wa Dodoma unaojengwa siku hizi, atawaona waashi kazini. Kabla ya kupanga matofali hufunga uzi toka pembe hii mpaka pembe ile, mmoja ameshika ncha huku, mwenziwe kule. Matofali hufuata uzi. Kamwe uzi haufuati matofali. Kanuni hiyo hiyo yafaa katika kuandika programu za kompyuta, nayo ndiyo somo letu la leo.

Programu ni nini? Ni maagizo ambayo kompyuta huyafuata neno kwa neno. Kompyuta haikisii nia ya mwandishi. Ikiagizwa vibaya hutoa jibu la uongo bila haya. Kwa hiyo mafundi wa kazi hii wana desturi mbili. Ya kwanza ni kutanguliza jaribio: kabla ya kuandika programu, huandika swali pamoja na jibu lake sahihi, ili kompyuta yenyewe ipime. Ya pili ni kufanya kazi wawili wawili: mmoja kwenye kibodi, mwenziwe kando yake akisoma kila mstari na kuuliza. Kisha hubadilishana.

Na tuchukue mfano ulio karibu nasi. Katika mtihani wa Kidato cha Nne, alama 75 hadi 100 ni A. 65 hadi 74 ni B. 45 hadi 64 ni C. 30 hadi 44 ni D. Chini ya 30 ni F. Twataka programu itakayopokea alama na kutoa herufi.

Mwanafunzi wa kwanza aandika jaribio: 75 itoe A. Lashindwa, maana programu haijaandikwa bado. Ndivyo ipasavyo, kwani jaribio lisiloweza kushindwa halipimi kitu. Wa pili ashika kibodi, aandika: "Alama ikizidi 75, toa A, isipozidi, toa B." Lashindwa tena! Kwa nini? Kwa sababu 75 haizidi 75. Arekebisha: "Alama ikiwa 75 au zaidi." Sasa lafaulu. Halafu yeye naye amtungia mwenziwe jaribio: 64 itoe C. Hivyo huendelea zamu kwa zamu, wakipima kila mpaka: 65, 45, 44, 30, 29, hata 101, ambayo programu yapaswa kuikataa.

Msidhani ni jambo dogo. Kosa lile lile likiachwa kwenye 45, mtoto aliyestahili C ataandikiwa D, na mzazi wake hatajua kamwe kwamba aliyeanguka ni mwandishi wa programu, si mtoto.

Kwa nini desturi hizi ziende pamoja? Mtu akiwa peke yake hujitungia jaribio jepesi, au huliacha kwa uvivu. Mwenziwe akilitunga, hakuna upendeleo. Tena wawili wasio na jaribio huweza kubishana mchana kutwa; jaribio hukata shauri.

Mwaka 1997 Kent Beck na Erich Gamma walikuwa safarini kwa ndege toka Zurich kwenda Marekani. Humo ndegeni waliketi pamoja wakaanza kuandika JUnit, chombo cha kupimia programu za Java, nao wakatanguliza majaribio. Chombo hicho kimeenea duniani kote.

Huenda mtu akauliza: je, kuwaweka wawili kwa kazi ya mmoja si hasara? Mwaka 1999 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walipimwa. Saa za kazi za wawili zikijumlishwa zilizidi za mmoja kwa kiasi cha asilimia 15 tu, na programu zao zilifaulu majaribio mengi zaidi. Na penye kompyuta chache na wanafunzi wengi, kuketi wawili ni faida tupu, mradi kila mmoja ashike kibodi kwa zamu yake.

Zoezi: Pointi 7 hadi 17 ni Daraja la Kwanza; 18 hadi 21 ni Daraja la Pili. Tafuta mwenzio. Andikeni kwanza majaribio manne katika daftari, kisha ndipo muandike programu. Je, mmeikumbuka 17? Na 6 je?