Somo la Kiswahili: Baada ya "Nzuri"



Katika toleo hili tunajifunza salamu za kila siku kama zinavyotumika Buzebazeba, kata iliyomo katika Manispaa ya Kigoma/Ujiji. Somo ni la wafadhili wanaojiandaa kutembelea miradi, na pia la kamati za parokia zitakazowapokea.

Mgeni amefika kwa mama anayeanika dagaa:

Mgeni: Hodi!
Mama: Karibu.
Mgeni: Shikamoo mama.
Mama: Marahaba baba.
Mgeni: Habari za hapa?
Mama: Nzuri.
Mgeni: Watoto hawajambo?
Mama: Hawajambo.
Mgeni: Na habari za kazi?
Mama: Nzuri, ila sasa ni mbalamwezi.

MAELEZO

Shikamoo: Ni salamu kwa aliyekuzidi umri. Kwa mtu wa rika lako sema "Hujambo?" Ujiji utasikia pia "Asalaam aleikum", jibu "Waaleikum salaam."

Nzuri: Hili ni neno la adabu, si taarifa. Hata nyumba yenye mgonjwa hujibu "nzuri" kwanza. Shida hufuata baada ya "ila" au "lakini". Mgeni anayefungua daftari baada ya "nzuri" ya kwanza ataandika kwamba mambo yote ni sawa, na ataondoka kabla ya kuambiwa habari yenyewe.

Mbalamwezi: Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa hazivuti dagaa vizuri na wavuvi hupumzika. Kwa hiyo mama amesema kwamba siku hizi fedha hakuna. Kamati isipange mchango wiki hiyo.

Ziwa limefungwa: Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ukisikia maneno haya, uliza nyumba inakula nini na ada ya shule italipwaje.

Bado: "Choo kimekwisha?" "Bado." Jibu hili halina maana ya hapana. Uliza tena, "Bado nini?" Utaambiwa "bado bati" au "fundi hajalipwa". Hapo ndipo kazi ilipokwama.

Pole: Ukielezwa shida, sema "Pole sana mama." Pole si kukubali kosa wala si ahadi ya fedha. Ni kuonyesha kwamba umesikia.

ZOEZI KWA KAMATI

Wawili wasimame, mmoja awe mgeni na mwingine mwenyeji. Mgeni asitaje mradi kabla ya kuuliza habari za nyumbani, za watoto na za kazi. Baada ya kila "nzuri" anyamaze kidogo. Mwishoni wanakamati wajibu: ni habari gani iliyokuja baada ya "ila"? Je, imo katika taarifa yetu ya robo mwaka? Kama haimo, iandikeni.