Je, Msalaba wa Ndoa ni Kipigo?



Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Nakuru alinijia jioni, amejitanda leso mpaka machoni. Alisema ameanguka. Nilijua hakuanguka. Nikamwambia, “Mama, vumilia, huo ndio msalaba wako. Mwombee bwanako.” Tukasali Baba Yetu, akarudi kwake. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amevunjwa mkono. Neno langu ndilo lililomrudisha, na hilo nimeliungama.

Shauri hilo hatutoi sisi makatekista peke yetu. Wasimamizi wa arusi hulitoa, na mama wakwe, hata mama mzazi. Twadhani tunalinda sakramenti. Lakini Kanisa lenyewe lasemaje? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, yafundisha kwamba mume au mke akimtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au ya mwili, mwenzake ana sababu halali ya kutengana naye. Kwa kawaida Askofu hutoa amri, lakini kama kukawia ni hatari, mtu aweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Kifungo cha ndoa chabaki. Basi aliyekimbia kipigo hakutoa talaka, wala asinyimwe Komunyo kwa kukimbia tu. Marehemu Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, namba 241, alisema kutengana kwaweza hata kuwa lazima.

Wanaume wenzangu hupenda sana Waefeso sura ya 5, ila husimama aya ya 24. Aya ya 25 yamtaka mume ajitoe kwa ajili ya mkewe kama Kristu kwa Kanisa. Ni lini Kristu alilipiga Kanisa kofi?

Wengine husema hayo ni mambo ya chang'aa na umaskini. Agnes Tirop hakuwa maskini. Septemba 2021 alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee. Oktoba mwaka huo huo alikutwa nyumbani kwake Iten amechomwa kisu. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji.

Sasa tufanyeje? Kwanza, msiwaketishe mume na mke pamoja na kumwuliza mke mbele ya mumewe kama anapigwa. Atasema hapana, na usiku atalipia swali lenu. Mama mwenzake amwone peke yake. Akiwa na jeraha, aende hospitali na aripoti polisi, apate fomu ya P3 ijazwe na daktari. Akiwa amelazimishwa kitandani, afike kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zina muda wake. Simu 1195 ni ya bure, mchana na usiku.

Tena iko Sheria ya Kulinda Watu dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015. Kwa sheria hiyo mahakama yaweza kutoa amri ya ulinzi, na jirani anayeshuku ukatili aweza kuripoti. Ukatili humo si ngumi tu: matusi ya kila siku, kumnyima mtu fedha za matumizi, na kumlazimisha mke kimwili vimetajwa pia. Mume anayepigwa naye analindwa, asione haya. Wazee wa Molo, Njoro na Subukia, nawaheshimu, lakini mkono uliovunjwa haumalizwi kwa mbuzi.

Ya kuzungumza ninyi wawili jioni hii, redio ikiwa imezimwa:

Je, kuna siku mwenzangu alinyamaza kwa kuniogopa?

Katika jumuiya yetu ni nani ambaye hajaonekana wiki hizi, na ni nani atakayekwenda kumwona?

Akija kwetu usiku na watoto, tutawalaza wapi?