Namna ya Kulala Wakati wa Kuvunjwa Vijiwe vya Figo kwa Mawimbi

Mgonjwa anayeandikiwa matibabu ya kuvunja vijiwe kwa mawimbi ya mshtuko kwa kawaida huuliza mambo mawili: gharama yake na maumivu yake. Ni mara chache anapouliza atalazwa vipi, nasi tunaliandika somo hili kwa ajili ya swali hilo. Mashine hata iwe bora namna gani, haiwezi kuvunja kijiwe kisichokuwapo mahali mawimbi yanapokutana.

Matibabu haya yalifanywa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mjini Munich, Ujerumani, mwezi wa Februari 1980. Wagonjwa wa siku zile walizamishwa ndani ya beseni kubwa la maji, kwa kuwa mawimbi hayo hupita vyema katika maji na katika nyama za mwili, lakini hukwama yakutanapo na hewa. Siku hizi mgonjwa hulala kitandani, na badala ya beseni hubanwa ubavuni kwa mfuko laini uliojaa maji, uliopakwa jeli. Kanuni haikubadilika. Mapovu ya hewa yakinaswa ndani ya jeli hupunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye kijiwe. Mgonjwa akijiinua hata kidogo kisha akajirudisha, hewa yaweza kuingia hapo. Basi na asione haya kusema, "Nimesogea," ili mtaalamu akague upya.

Kijiwe kikiwa ndani ya figo, mgonjwa kwa kawaida hulazwa chali, na mawimbi huingia kutokea upande wa nyuma. Kijiwe kilichokwisha kushuka katika mrija uendao kwenye kibofu, kikakwama mbele ya mifupa ya nyonga, kina hukumu nyingine. Mfupa huyazuia mawimbi yatokayo nyuma, hivyo mara nyingi mgonjwa hulazwa kifudifudi ili yaingie kwa upande wa tumbo. Twalitaja jambo hili kwa sababu wagonjwa hulinganisha yaliyowapata. Aliyelazwa chali na aliyelazwa kifudifudi huenda wote wawili wamehudumiwa ipasavyo. Kilichotofautiana ni mahali pa kijiwe.

Kwa kuwa kijiwe huweza kuhama, au hata kutoka chenyewe pamoja na mkojo, ni haki ya mgonjwa kuuliza kama picha inayotumiwa ni ya karibuni. Picha ya miezi mingi iliyopita haitoshi kumwelekeza mtaalamu leo.

Figo nayo haitulii. Hupanda na kushuka kwa kila pumzi, na pumzi ndefu yaweza kukitoa kijiwe katika shabaha. Mgonjwa hutakiwa kupumua polepole, kwa mwendo mmoja, pasipo kuvuta pumzi kwa nguvu. Kazi hii si ya dakika mbili: mapigo huweza kufika 2,000 hadi 3,000, na yakipigwa 60 kwa dakika, mapigo 3,000 huchukua dakika 50. Nguvu huanza ndogo, ikaongezwa hatua kwa hatua. Maumivu yakizidi, mwili hujikunja wenyewe na shabaha hupotea. Kwa hiyo kuuma meno na kunyamaza hakumsaidii mtu. Ulizia mapema dawa ya kutuliza maumivu, na ukiumia sana, sema kwa sauti ili mapigo yasimamishwe.

Kabla ya kutia sahihi, mweleze daktari kama huwezi kulala chali au kifudifudi kwa muda mrefu, iwe kwa sababu ya mgongo, nyonga au kupumua kwa shida. Mweleze pia kama una ujauzito, maambukizi ya njia ya mkojo, kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, aspirini ikiwamo. Usiziache dawa hizo kwa uamuzi wako mwenyewe. Kijiwe cha ndani ya figo kinachozidi milimita 20 mara nyingi hufaa zaidi kuondolewa kwa njia nyingine, nawe waweza kuuliza ni kwa nini umechaguliwa njia hii.

Duru moja wakati mwingine haitoshi. Uliza kabla ya kulipa kama bei uliyotajiwa inahusu duru moja tu, au pia kurudia na picha za kuhakiki baadaye. Ombia jibu hilo kwa maandishi, na risiti uitunze.

Mkojo kuwa na rangi ya damu kwa siku moja au mbili ni jambo la kawaida, na vipande vya kijiwe hutoka kidogo kidogo kwa siku au majuma. Lakini homa, kutetemeka kwa baridi, kushindwa kukojoa, au maumivu yasiyotulizwa na dawa ulizopewa, ni sababu ya kurudi hospitali saa ileile, hata ikiwa ni usiku.