Kupima Timu Iliyoondokewa na Wachezaji

Mwakani sisi wanne wa kidato cha nne tutakuwa tumeiacha timu ya mpira wa kikapu ya shule, na wadogo zetu wananiuliza kama itashinda. Jibu nimelitafuta katika vyuo vikuu vya Marekani, ambako timu huondokewa kila mwaka.

Chuo cha Kentucky kilitwaa ubingwa mwaka 2012, kisha wachezaji wake sita wakachukuliwa na timu za kulipwa. Wakaja vijana wapya wenye sifa kubwa, hata waandishi wa magazeti wakakiweka nafasi ya 3 nchini. Lakini kati ya waliobaki, aliyezoea kucheza alikuwa Kyle Wiltjer tu. Nerlens Noel, hodari wa wale wapya, akaumia goti. Walishinda michezo 21, wakashindwa 12. Wa mwisho walifungwa 59 kwa 57 na chuo cha Robert Morris, ambacho hata jina lake sikupata kulisikia.

Connecticut, mabingwa wa 2023, waliondokewa na watatu wa kikosi cha kwanza. Walibaki Newton na Karaban, pamoja na Clingan wa akiba. Mwaka 2024 wakatwaa tena.

Basi ndugu zangu, msihesabu vikapu vya wanaoondoka. Hesabuni dakika walizokwisha kucheza wanaobaki. Wetu hawana nyingi. Nimemwomba mwalimu wa michezo awaingize uwanjani tangu muhula huu, ijapokuwa nafasi ya kwanza kutolewa itakuwa yangu.